Bonde la Mgongo wa Kabula

Mkimkuta farasi ambaye mgongo wake umebonyea katikati, msicheke mbele yake. Subirini mtoke bandani, mfike kule kwenye mawe, hapo chekeni mnavyotaka. Siyo kwamba farasi anaelewa dhihaka. Ni kwamba siku ya kwanza nilipomwona Kabula nilicheka mpaka nikaegemea ukuta, naye akaniangalia tu, anatafuna taratibu, kama mama mkwe anayemsubiri binti wa watu amalize utoto wake. Nikanyamaza mwenyewe. Nikaenda kumletea maji.

Nyinyi vijana mnaoshika kazi yangu mmenikuta nikiitwa Bibi Minza wa farasi, labda mnadhani nilizaliwa bandani. Hapana. Nilizaliwa kwenye ng'ombe, kama Wasukuma wengi, na hapa shambani nilikuja kukata majani. Shamba lilikuwa hivi hivi mnavyoliona, unatoka barabara ya Shinyanga pale Buhongwa, unakata kulia, unashuka mpaka unapoanza kusikia harufu ya ziwa. Mwenye shamba alikuwa Daktari Theonest, Mhaya wa Kagera, daktari wa mifugo aliyestaafu. Alifuga farasi wachache ambao watu wa mjini walikuja kuwapanda siku za mapumziko. Saisi wake, yaani mtunza farasi, aliacha kazi akaenda kujaribu bahati kwenye machimbo ya Geita. Daktari akaniita akaniuliza kama naogopa mnyama mkubwa. Nikamwambia nimekua nikitembea nyuma ya fahali wa baba. Akasema basi farasi ni fahali asiye na pembe ila ana wasiwasi mwingi, na kazi yangu itakuwa kumpunguzia wasiwasi. Mafunzo ya siku hiyo yaliishia hapo. Mengine yalikuja miaka kwa miaka, na mengi yalikuja na Kabula.

Alishushwa kwenye lori lililotoka Arusha, mvua inanyesha. Daktari alikuwa ameagiza farasi mmoja, dume kijana. Waliomuuzia walikuwa wanafunga shamba lao, wakamwongezea na huyu jike mzee kwa sababu hawakuwa na pa kumpeleka. Dume alishuka akirukaruka. Nyuma yake akatoka jike mwenye rangi ya udongo mwekundu, kichwa kizuri, macho mapana, miguu imenyooka, na katikati ya yote hayo mgongo umeshuka kama kamba ya kuanikia iliyoelemewa na blanketi bichi. Kutoka mabegani uliteremka, ukafika chini, ukapanda tena kiunoni. Mvua ilikuwa inamtiririka pande zote mbili kutoka pale bondeni.

Kwa kuwa alitufikia na mvua nikamwita Kabula, kama tunavyowaita mabinti wanaozaliwa mvua ikinyesha. Nilisahau kwamba mpishi wa Daktari naye anaitwa Kabula. Kila nilipoita bandani, mpishi aliitika jikoni, halafu akigundua si yeye anayeitwa, ugali wangu wa mchana ulikuja na mkaa chini. Tulipatana baadaye. Alikuwa wa kwanza kumkatia karoti, na akizungumza na wageni alimwita wajina.

Daktari hakucheka wala hakusikitika. Alimzunguka, akampapasa uti wa mgongo kwa vidole viwili, taratibu, kama mtu anayesoma. Kisha akanieleza nami nawaeleza nyinyi. Uti wa mgongo wa farasi unashikiliwa na kano, zile kamba ngumu za mwilini, na tumbo lake zito linaning'inia chini yake. Farasi akizeeka kano zinalegea. Jike aliyezaa mara nyingi zinalegea zaidi. Na wapo wanaopandwa wangali wadogo, mifupa haijakomaa, hao nao mgongo unabonyea mapema. Huyu alikuwa na yote matatu. Daktari akasema bonde lenyewe si ugonjwa, mnyama anaweza kuishi nalo bila maumivu miaka mingi, ila mpandaji mjinga anaweza kuligeuza kidonda kwa asubuhi moja.

Nikamuuliza kama atapandwa. Akanijibu kwa ukweli wake wa siku zote. "Tumpe masika haya. Nikiona anapata nguvu, atafanya kazi nyepesi. Nikiona anateseka, nitamlaza mwenyewe kwa sindano, na wewe utamshika kichwa."

Maneno hayo sikuyapenda, lakini ndiyo yaliyonifanya niamke mapema kila siku.

Sasa sikilizeni la kwanza, maana hili ndilo lililonibadilisha. Daktari alinisimamisha pembeni mwa Kabula, akaniambia niweke ncha za vidole chini ya tumbo, katikati, nyuma kidogo ya pale unapopita mkanda wa tandiko, nibonyeze kwenda juu bila ghafla. Nikabonyeza. Hakuna kitu. Akasema niongeze kidogo, kama ninayetafuta kitu kwenye unga. Nikaongeza. Basi nikauona ule mgongo unapanda. Polepole, mbele ya macho yangu, lile bonde likajaa, kama unga uliotiwa hamira unavyoinuka ndani ya beseni. Haukunyooka wote, lakini ulipanda, ukakaa juu kitambo, kisha ukashuka. Nikatoa mkono. Nilihisi kama nimefungua mlango wa nyumba ya mtu bila kubisha. Mnyama mzito vile, na ndani yake kuna nguvu imelala inasubiri vidole vya mwanamke mkata majani.

Mkimpata farasi wa namna hii, hilo mtalifanya kila asubuhi, na msisimame nyuma mnapolifanya, maana wapo wasiopenda. Kisha mpeni kipande cha karoti, lakini asikipate bure. Kipitisheni katikati ya miguu ya mbele, chini, akifuate kwa pua mpaka shingo ikunjike na mgongo uvutike. Chakula chake wekeni chini ardhini, msikitundike juu. Farasi anayekula kichwa kikiwa juu anazidi kubonyea. Mtembezeni kupanda kilima, mwendo wa kawaida, hapo nyuma kwenye njia ya mawe. Mrudisheni kinyumenyume hatua chache, mpumzisheni, tena. Mzee kama yeye meno yameisha, kwa hiyo pumba zake ziloweshwe. Hakuna dawa ya siri. Ni mambo madogo yasiyorukwa.

Mimi niliharibu kwenye tandiko. Nilifikiri, kwa kuwa katikati pamebonyea, nijaze mablanketi mpaka pawe sawa, niweke tandiko juu, kazi imekwisha. Nikayakunja, nikayapanga, nikafunga mkanda. Daktari akaja akalisukuma tandiko kwa kidole kimoja, likayumba kama mtumbwi mtupu. Akanieleza kwamba tandiko la kawaida kwenye mgongo wa namna ile ni daraja. Linagusa mbele na nyuma tu, katikati hewa, uzito wote wa mtu unaangukia ncha mbili. Ukijaza kupita kiasi, unapata mlima katikati, nao unamuumiza pale pale palipo dhaifu. Kinachotakiwa ni mto ulioshonwa kufuata bonde lenyewe, mnene katikati, unaopungua kuelekea kingo mpaka unakwisha.

Mwanza nzima hakuna anayeshona mito ya farasi. Nikamkumbuka fundi Malimi wa Igoma, anayeshona viti vya pikipiki. Nilichukua waya laini, nikaulaza juu ya mgongo wa Kabula, nikaubonyeza ufuate umbo lote, nikaubeba hivyo hivyo mpaka Igoma, watu stendi wananishangaa. Malimi aliugeuza ule waya juu chini, akaniuliza ni pikipiki gani imepata ajali mbaya namna hii na kama dereva amepona. Nikamwambia ni farasi. Akaona namtania. Jumapili akaja na familia yake kuhakikisha.

Alipofika alivua kofia, akamzunguka Kabula kama Daktari alivyomzunguka, halafu akaomba ruhusa kumgusa. Walikaa pale ukutani yeye na Daktari wakizungumza magodoro mpaka jua likawa kali. Daktari anaeleza mahali gani panatakiwa pagumu na wapi laini, Malimi anaeleza sponji ipi haitakufa baada ya miezi michache. Ule mto wa kwanza ulikuwa mzuri lakini haukuwa sahihi, na tuliujua kwa unga wa muhogo. Mkumbuke hili. Tulitandika kitambaa cheusi juu ya mgongo, tukanyunyiza unga kidogo, tukaweka mto na tandiko, tukafunga gunia la pumba juu yake, nikamwongoza kuzunguka uwanja mara chache. Tulipofunua, unga ulikuwa umegandamana upande wa kushoto na upande wa kulia umebaki vile vile. Malimi akaupeleka Igoma akaupunguza. Akaurudisha, tukanyunyiza tena. Alisafiri na mto ule mpaka makonda walimzoea. Siku unga ulipogandamana sawasawa pote, fundi yule alipiga makofi peke yake.

Unga ukiwaishia, tazameni jasho. Baada ya kumpanda, ondoeni tandiko na mtazame manyoya kabla hayajakauka. Palipolowa sawa, salama. Mkiona doa kavu katikati ya jasho, tandiko limemkaba hapo au halijamgusa kabisa, kwa hiyo tafuteni sababu kabla ya kumtandika tena. Nywele nyeupe zikianza kuota mahali, mmeshachelewa.

Masika yalipoelekea mwisho, Daktari alimpapasa Kabula uti wote, akambonyeza hapa na pale, akimtazama masikio. Hakushtuka popote. Nyama za pembeni ya uti zilikuwa zimejaa. Bonde lilikuwepo bado, litakuwepo daima, lakini sasa lilikuwa bonde lenye kingo imara. Daktari akanitazama nilivyo mwembamba, akasema mpandaji tunaye.

Mama yangu aliposikia alituma ujumbe kuuliza kama kweli mwanawe anapanua miguu juu ya mnyama mbele za watu. Nikamjibu kwamba navaa suruali ndani na kitenge juu. Akasema basi nisianguke, aibu ya kuanguka ni kubwa kuliko ya kupanda.

Nilimpanda kutoka kwenye jiwe. Nanyi fanyeni hivyo. Ukijivuta kutoka chini kwa mguu mmoja, unauvuta uti wake kwa pembeni, na Mungu ametujalia mawe Mwanza kila mahali, kwa hiyo hakuna kisingizio. Nikaketi taratibu, sikujitupa. Na hapo nikajua jambo ambalo hakuna aliyeniambia. Kwenye farasi wengine unakaa juu. Kwa Kabula ulikuwa unakaa ndani. Mbele yako mabega yameinuka, nyuma yako kiuno kimeinuka, na wewe upo kati, kama umeshikwa kwenye kiganja cha mkono. Alipopiga hatua ya kwanza nilihisi pumzi yake ikipita chini yangu. Niliogopa, lakini si kwa hofu ya kuanguka. Niliogopa kama mtu anavyoogopa kanisani.

Ila utamu huo una hatari yake. Bonde linakuvutia ulegee, ukae mzima mzima kama gunia. Usikubali. Beba uzito wako mwenyewe mapajani, nyoosha mgongo wako ili wake upate kupumzika. Akianza kukimbia mdogomdogo, inuka na ukae kwa mpigo wa miguu yake. Mpande muda mfupi. Akianza kutupa mkia au kukunja sikio, shuka, tembea naye kwa miguu, si aibu. Na mtu mzito, hata awe nani, hata aje na msafara, mwambie shikamoo na umpe farasi mwingine.

Kazi ya maji tulianza baadaye. Daktari alisema maji yanabeba tumbo, mgongo unapumzika huku miguu inafanya kazi. Pale kwenye mchanga, kati ya mawe mawili makubwa, tulifyeka matete yote ili tuone kama kuna kiboko au mamba, na mtu hakuingia bila kutazama kwanza muda mrefu. Nilimpanda bila tandiko, tukaenda mpaka maji yakamfika tumboni, tukatembea huku na huku. Mara nyingine aliteleza mahali penye kina akaogelea kidogo, nami nikajifunza. Farasi akiogelea, hatamu zilegezwe kabisa. Ukizivuta unamgeuza chali. Shika singa, zile nywele za shingo, mwache kichwa chake. Na usikae mbele ya miguu yake ya mbele hata kwa dhahabu.

Kabla sijawaambia siku ile, niwaondolee wasiwasi. Kabula hakufa majini. Alikufa kwa uzee, miaka baadaye, asubuhi, amelala kivulini karibu na uzio kama alivyopenda. Watu walikuja kuuliza kama ngozi itapatikana. Daktari aliwajibu kwa upole kwamba haitapatikana, na Malimi alikuja kutoka Igoma kusaidia kuchimba.

Siku ile basi. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri ikakatika, anga limefunguka upande mmoja tu. Nilikuwa nimempanda Kabula majini kama kawaida, bila tandiko, kamba ndefu ya kufunzia imefungwa shingoni mwake na Daktari amekaa juu ya jiwe ameshika mwisho wake. Upepo ukageuka. Wanaolijua ziwa letu wanajua linavyobadilika, dakika hii limelala kama ng'ombe, dakika inayofuata limesimama. Daktari akaniita nitoke. Nikamgeuza Kabula, na ndipo nikauona mtumbwi.

Ulikuwa unatoka ng'ambo, upande wa Sengerema, na wanawake wa biashara na vikapu vyao. Injini ilikuwa imezima. Nahodha alikuwa ameinama anaivuta kamba, anaivuta, na mtumbwi ukajigeuza ubavu kwa mawimbi. Wimbi la kwanza waliliruka. La pili likaupindua. Hapakuwa na kelele kubwa, upepo uliichukua. Tuliona tu tumbo jeusi la mtumbwi na vichwa vikitokeza kuuzunguka, wakishikilia mbao, mbali nasi kama goli na goli kwenye uwanja wa mpira. Na upepo ulikuwa unawasukuma kuelekea lile rundo la mawe pale kushoto, mnaliona, ambapo mawimbi yanapasuka.

Mtumbwi pekee uliokuwa ufukweni ulikuwa umegeuzwa, umetolewa ubao mmoja kwa matengenezo. Wafanyakazi walikuja mbio na kamba za kisima na za kufungia majani. Daktari akaanza kuziunganisha kwenye ile kamba ya kufunzia, mikono yake ya uzee inakaza mafundo haraka kuliko nilivyowahi kumwona. Hakuniambia niende. Nakumbuka vizuri, hakuniambia. Alinitazama, akamtazama Kabula, akasema, "Mgongo wake hauna kazi majini. Kinachoogelea ni moyo na miguu. Lakini ni mzee, Minza. Akichoka, rudi, hata kama hujafika."

Nikamwelekeza ziwani. Nilitegemea atakataa, maana farasi mwenye akili hapendi wimbi linalomjia usoni. Alisimama, akapuliza pua. Kisha akaenda. Maji yakamfika kifuani, yakamfika shingoni, halafu nikahisi ardhi inatuachia. Yule mnyama ambaye nchi kavu alitembea kama mama mjamzito, majini alikuwa kitu kingine kabisa. Kichwa juu, pua zimefunguka, shingo inakata maji, na chini yangu ule mwili wote unasukuma kwa nguvu ambayo sikujua kama anayo. Kila wimbi lilipokuja lilitaka kuninyanyua kutoka juu yake. Lilishindwa. Nilikuwa nimekaa bondeni, mabega yake mbele yangu, kiuno chake nyuma yangu, nimeshika singa kwa mikono miwili. Farasi mwenye mgongo ulionyooka angenipoteza kwenye wimbi la kwanza. Nawaambia nikijua ninachosema.

Tukafika. Nilimpitisha mbali kidogo wasije wakamng'ang'ania kwa pamoja wakatuzamisha wote. Nikafungua kamba shingoni mwake, nikamtupia nahodha. Aliidaka, akaifunga kwenye pua ya mtumbwi, nikainua mkono, na kule ufukweni wakaanza kuvuta. Wanawake wakabaki wameshikilia mbao, mmoja anasali kwa sauti, wengine wamefumba macho. Mtumbwi ukaanza kuyaacha mawe.

Nilipomgeuza Kabula turudi, mwanamke mmoja pale mtumbwini akanyoosha mkono nyuma yangu na kusema, "Bibi Holo yuko kule."

Nikatazama. Nyuma ya mawimbi, upande wa mawe, kulikuwa na kitambaa cha kichwa cha bluu. Chini ya kitambaa kulikuwa na uso wa kikongwe, unatokeza, unazama, unatokeza. Alikuwa ameachia mtumbwi wakati unapinduka.

Kabula alikuwa ameanza kukoroma puani. Nilisikia. Nilikumbuka aliyoniambia Daktari, akichoka rudi, na alikuwa amechoka. Nami sikuwa na kamba tena. Mpaka leo sijui nani kati yetu aligeuka kwanza. Najua mkono wangu haukuvuta hatamu, kwa sababu hatamu nilikuwa nimeziachia tangu mwanzo. Najua niliitazama ile bluu kwa mwili wangu wote, na wanaopanda farasi wanajua kwamba farasi anasikia unapotazama. Alielekea kule. Mawe yalikuwa karibu sana, nilisikia maji yanavyonyonywa chini yake. Tulipompita bibi nikamwambia ashike mkia. Hakunielewa. Nikaiteremsha mikono, nikaishika nguo yake, nikamvuta mpaka kifua chake kikalala kwenye kiuno cha Kabula, nyuma yangu, na mikono yake ikanizunguka tumbo. Alikuwa mwepesi kama kuni kavu. Nikamwambia Kabula kwa Kisukuma twende nyumbani. Sikuwa na neno jingine.

Safari ya kurudi sina jinsi ya kuielezea vizuri. Alizama mara moja, wote tulizama, masikio yake yakapotea machoni pangu, nikaona kijani kitupu. Nikasema moyoni basi. Halafu nikahisi ule mgongo unapanda chini yangu. Ulipanda vile vile kama siku ile nilipoweka vidole, lakini sasa hapakuwa na vidole. Ulitunyanyua wote wawili mpaka vichwa vyetu vikatoka nje. Alikohoa, akaendelea. Kwato zilipogusa mchanga nilizisikia kwenye meno yangu.

Wafanyakazi walimpokea bibi, wakamlaza kifudifudi, akatapika ziwa. Mtumbwi ulikuwa umefika, wanawake wamekaa mchangani wanahesabiana kwa majina. Hakuna aliyepotea. Vikapu viliondoka vyote na maji.

Kabula alisimama ameachanisha miguu, anatetemeka, kichwa chini, maji yanamtoka puani. Daktari alimwekea sikio ubavuni, akasikiliza muda mrefu, akahama upande wa pili, akasikiliza tena. Tulimsugua kwa magunia makavu na majani, mpishi naye, suruali yangu bado inachuruzika. Tulimtembeza polepole ili asikakamae amesimama. Alikohoa majuma kadhaa, na Daktari alilala kwenye kiti bandani siku za mwanzo, hakutaka kuambiwa akapumzike. Kisha kikohozi kikaisha. Sikumpanda tena majini. Alikuwa ameshalipita somo lile.

Bibi Holo alirudi siku alipopata nguvu, kabla kikohozi hakijaisha. Alikuja na mjukuu wake wa kike aliyemshika mkono, na kikapu cha matobolwa, vile viazi vitamu vinavyochemshwa na kukaushwa. Nikaenda kumlaki, nikapiga goti, nikamwamkia. Aliitika, akanishukuru kwa maneno mazuri, akamshukuru na Daktari. Kisha akaomba aonyeshwe mnyama, kwa kuwa siku ile hakumwona sura, alimwona mgongo tu.

Tukampeleka bandani. Kabula alikuwa amesimama ubavu, bonde lake lote wazi. Bibi akamtazama kutoka kichwani mpaka mkiani. Akaniuliza jina lake. Nikamwambia Kabula. Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyesikia jina la binti wa nyumba anayoijua.

Halafu akauachia mkono wa mjukuu wake, akapiga goti. Kwetu mdogo ndiye anayempigia goti mkubwa, na bibi yule alikuwa na umri wa kunizaa. Mjukuu alitaka kumzuia, Daktari akamgusa bega asimzuie. Bibi alikaa pale kwenye majani, magoti yake makavu yamekunjwa, akaniambia nimsaidie kukifikisha kikapu. Kabula akashusha kichwa, akachukua kipande kimoja kwa midomo laini.

"Wabeja, mayu," bibi akamwambia. Asante, mama.

Nikamshika akainuka. Alinyoosha mkono, akakiweka kiganja chake katikati ya bonde, pale pale nilipokuwa nimekaa, akakiacha hapo, naye Kabula akaendelea kutafuna.